Usiku nne Ureno: hesabu vitanda kabla ya miji

Mara ya kwanza nilipokwenda Ureno nilirudi na picha nyingi za stesheni. Nilikuwa na usiku nne. Nikajipangia mmoja Lisbon, mmoja Porto, mmoja Lagos kule kusini, na wa mwisho Lisbon tena kwa sababu ndege ilikuwa ya asubuhi. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini Porto hadi Lagos kwa treni ni zaidi ya saa sita, tena unashuka Tunes ubadilishe, na siku yangu ikaishia dirishani nikitafuna mkate. Lagos nilifika wakati wa magharibi, nikaiona bahari kwa dakika ishirini kabla giza halijaingia, na asubuhi nikaondoka.

Mara ya pili nilikwenda na dadangu mkubwa, ambaye ana goti bovu na hana subira na upuuzi. Sote ni wa Mombasa, Mji wa Kale, ila siku hizi riziki imetuweka Birmingham. Nilipomsomea orodha yangu mpya ya miji aliuliza jambo moja tu: "Mdogo wangu, hapa tutalala vitanda vingapi?"

Basi nawe anzia hapo. Tiketi inasema Alhamisi mpaka Jumatatu, unajiambia una siku tano. Huna. Ukitua Alhamisi saa kumi jioni na kuruka Jumatatu saa tano asubuhi, siku kamili ni tatu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Na kila unapobadilisha kitanda unapoteza nusu siku, kwa kufunga begi, kuliburura juu ya mawe, kusaka treni, kisha kukaa mkahawani ukingoja chumba kipya kifunguliwe. Mimi sasa nafuata hivi: chini ya usiku tano, kitanda kimoja tu. Usiku tano mpaka saba, viwili. Anayetaka vitatu na aombe likizo ndefu.

Kitanda kimoja hakimaanishi mji mmoja. Kinamaanisha uchague mji wenye njia nyingi za kutoka asubuhi na kurudi jioni. Kwa Ureno hapo mashindano ni ya Lisbon na Porto. Porto naipenda. Ni ndogo, daraja la chuma la Dom Luís I la mwaka 1886 unalivuka kwa miguu juu kabisa, na stesheni ya São Bento ina kuta za vigae vya buluu ambazo mtu asiye na safari hata ya kesho angeenda kuzitazama. Lakini Porto hunyeshewa zaidi ya Lisbon, na ng'ambo ya mto, Vila Nova de Gaia, shughuli kubwa ni kuonja mvinyo. Kama hunywi, umeshapunguziwa nusu ya burudani. Lisbon, kwa upande wake, inakupa Sintra kwa treni ya dakika arobaini hivi kutoka stesheni ya Rossio, pwani ya Cascais kutoka Cais do Sodré, na Évora kwa saa moja na nusu. Kwa safari ya kwanza fupi, Lisbon.

Sasa andika kila mahali unapopatamani, hata kama ni ishirini, na mbele ya kila jina andika sababu kwa maneno yako mwenyewe. Si "panapendeza," maana kila mahali panapendeza kwenye simu. Ukikosa sababu, futa. Yangu ilifutika karibu yote. Nazaré na mawimbi yake makubwa: sababu sikuwa nayo, na mawimbi yenyewe ni ya majira ya baridi. Évora ilikuwa na sababu nzuri, kanisa dogo lililojengwa kwa mifupa ya watu, ambapo mlangoni pameandikwa kwamba mifupa iliyomo inaingoja yako. Dada akasema hatoki Birmingham kwenda kutishwa na mafuvu. Nikafuta.

Iliyobaki juu kabisa ilikuwa Belém, mtaa wa Lisbon alikozikwa Vasco da Gama. Sisi tumekua tukicheza chini ya kuta za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waomani wakaitwaa mwaka 1698. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, hakukaribishwa, akaenda Malindi ambako alipata rubani wa kumvusha mpaka Calicut. Miaka saba baadaye, 1505, jemadari wao Francisco de Almeida akaja na merikebu akauchoma mji wetu. Mimi nilitaka kuona walikotoka watu hawa. Hiyo ni sababu, na sababu ya namna hiyo ndiyo inayokuvumilisha foleni. Yako inaweza kuwa mpira, vigae au pweza wa kuchoma. Muhimu ni iwe yako.

Halafu shika kalenda. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Monasteri ya Jerónimos huko Belém, lilipo kaburi la Vasco da Gama, hufungwa Jumatatu, na majumba mengi ya makumbusho ya Lisbon ni hivyo hivyo. Jambo kubwa kuliko yote lipe siku kamili ya kwanza, sio ya mwisho, ili likikwama ubaki na nafasi ya pili. Sisi Belém tuliipa Ijumaa, tukapanda tramu namba 15 mapema. Kaburi liko karibu na mlango wa kanisa, jiwe jeupe lenye sanamu yake amelala, mikono kifuani. Dada alilizunguka polepole, goti na yote. "Ndiye huyu?" Nikamwambia ndiye. Akatazama kidogo, akasema, "Haya, twende tukale."

Siku ya pili tuliiwekea mahali pawili, pa jua na pa mvua, na ninakushauri safari yoyote fupi iwe na siku kama hiyo. Sintra iko mlimani na ukungu hukaa huko hata Lisbon ikiwa inawaka jua. Kasri la Pena, lenye rangi nyekundu na njano, tiketi yake ina saa ya kuingia, kwa hiyo usipande treni kwanza ndipo uanze kutafuta tiketi. Ijumaa usiku tulitazama hali ya hewa, tukaona Sintra imefunikwa, tukaamua Cascais. Kama tungekuwa tumelala Sintra yenyewe, tungebanwa na chumba tulicholipia tukitazama ukungu dirishani.

Mwili nao una kura. Lisbon ni vilima, na njia zake zimetandikwa vijiwe vyeupe ambavyo vikilowa vinateleza kama samaki. Alfama, mtaa wa zamani, kwenye ramani ni karibu na kila kitu. Kwa miguu ni ngazi juu ya ngazi. Mwenye goti bovu achukue chumba chini bondeni, Baixa au karibu na Rossio, hata kama huko juu kuna mandhari ya mto. Unapotafuta chumba usitazame umbali peke yake, tazama na mwinuko, na uulize kama kuna lifti, kwa sababu nyumba nyingi za kale hazina. Safari yangu ya kwanza mwenye nyumba aliniandikia "ghorofa ya pili." Nilihesabu ngazi themanini na moja.

Na tumbo. Nyama ya nguruwe imejificha sehemu nyingi. Hata supu yao ya sukuma wiki, caldo verde, hutiwa kipande cha soseji. Jifunze maneno mawili, sem porco, yaani bila nguruwe. Samaki utakula mpaka uchoke. Kwa nyama ya halali, mtaa wa Mouraria, hasa upande wa Martim Moniz, una mikahawa ya Wabangladeshi na Wahindi, nayo iko mwendo mfupi kutoka Rossio. Sababu nyingine hiyo ya kulala hapo. Kwenye mikahawa ya kawaida utaona kabatini kitu cha pembe tatu kinaitwa chamuça. Ni sambusa, ilisafiri nao kutoka Goa na Msumbiji. Uliza ndani kuna nini kwanza.

Lugha isikutishe. Mhudumu alipotuuliza, "Mesa para duas?" dada alijibu, "Naam, meza," akaenda kukaa. Meza, kopo, leso, bendera, foronya: vyote tulivichukua kwao, na siku hiyo vilitufaa.

Neno la viza, kwa wenye pasipoti kama yangu. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Kwa hiyo ukichanganya Ureno na Hispania, amua usiku wapi ni mwingi kabla hujajaza fomu. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima iwe ya yuro 30,000 au zaidi, na maombi yafike angalau siku 15 kabla ya safari. Mimi huomba miezi miwili kabla. Chukua chumba kinachokubali kufutwa bila kukatwa hela, mpaka viza itoke.

Mahali pamoja nilipafuta kwa uchungu: Mértola, mji mdogo juu ya mto Guadiana karibu na mpaka wa Hispania, ambapo kanisa lilikuwa msikiti na kibla chake bado kinaonekana ukutani nyuma ya madhabahu. Sababu ninayo, tena kubwa. Lakini treni haifiki, mabasi ni machache, na panahitaji usiku mbili zake. Panangoja likizo ya usiku sita.

Jumapili hatukuipangia kitu. Tulikwenda Cais do Sodré tukapanda feri ya Cacilhas, dakika kumi tu kuvuka mto Tejo, watu wamebeba mifuko, vijana wamesimama karibu na mlango tayari kuruka. Dada alishika ukingo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege. "Likoni hii," akasema. Kisha akakumbuka tiketi. "Ila Likoni tunavuka bure."