Jinsi ya kuomba kurekebishiwa kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU

Tangu Julai 2023, nyumba ya kawaida mjini Tanzania inalipiwa kodi ya jengo shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi, inayokatwa unaponunua umeme wa LUKU (umeme wa kulipia kabla). Jengo la ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu, sawa na 7,500 kwa mwezi. Ukiona umekatwa zaidi, kwanza hesabu miezi: usiponunua umeme, deni la mwezi huo linakusubiri. Makato ya 4,500 yanaweza kuwa ya miezi mitatu, nayo ni halali.

Makosa yanayojirudia Dar ni mita mbili za nyumba moja, ya mwenye nyumba na ya wapangaji wa uani, kukatwa zote; nyumba ya chini kuandikwa ghorofa; na mzee wa miaka 60 kwenda juu kukatwa kwa nyumba anayoishi mwenyewe, ilhali sheria inamsamehe nyumba hiyo moja. Msamaha huo haujileti, lazima uombwe.

Usimalize nauli kwenda TANESCO, shirika la umeme. Wao ni mawakala wa kukusanya tu. Anzia kwa mtendaji wa mtaa, akuandikie barua yenye muhuri inayotaja nyumba ilipo, mmiliki ni nani na jengo ni la aina gani. Barua ya "ni mkazi wangu" peke yake haisaidii kitu. Iambatanishe na barua yako ya maombi, pamoja na nakala ya kitambulisho cha taifa (NIDA), hati ya nyumba, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano, picha za jengo zima, na risiti za LUKU zinazoonyesha makato.

Peleka kwenye ofisi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) ya eneo lako au idara ya mapato ya manispaa. Wakikuelekeza ofisi nyingine kati ya hizo, nenda na jalada lilelile. Kwenye barua yako andika ombi waziwazi: "Naomba mita namba … iondolewe kodi ya jengo, kwa kuwa nyumba hii inalipiwa kupitia mita namba …" Namba ya mita ina tarakimu 11, wengi hunakili tokeni, yenye 20, na ombi linakwama hapo. Omba pia kilichozidi kihesabiwe kwenye kodi ijayo.

Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila huo, maana ufuatiliaji wote utautegemea. TRA wakikupa uamuzi wa maandishi usioridhika nao, pingamizi la kodi huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uupokee.

Mwezi unaofuata, angalia risiti ya manunuzi ya kwanza ya kila mita, uone kama makato yamerekebishwa.