Ubao wa mizani wa nyumbani kwa anayejifunza kuteleza mawimbi

Kwa anayejifunza kuteleza mawimbi Dar es Salaam, bahari hufungua mlango kwa saa chache tu. Maji yakitoka, Coco Beach hubaki miamba mitupu. Yakijaa, unapata saa mbili tatu za kuingia na ubao, na saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo wiki hii zinakukuta nyumbani, wiki ijayo zinakukuta kazini. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kuliko kawaida, tofauti ya maji kujaa na kutoka hupita mita 3. Upande wa Kigamboni mawimbi yenye nguvu zaidi husukumwa na upepo wa kusi, nao hauvumi mwaka mzima. Siku zote zilizobaki, miguu inasahau.

Ubao wa mizani unasaidia miguu isisahau. Ni ubao mfupi unaokaa juu ya kitu kinachoviringika, nawe unasimama juu yake. Kabla hujatoa hela, fahamu mpaka wake. Karibu nusu ya muda wa mtu aliye majini na ubao huenda kwenye kupiga maji kwa mikono akiwa amelala kifudifudi. Muda wa kusimama juu ya wimbi hauzidi sehemu moja ya kumi. Ubao wa mizani unafundisha hiyo sehemu ndogo tu. Haukufundishi kusoma wimbi wala kulikimbilia. Tena ukiutumia vibaya, unakuzoesha makosa: kutazama vidole, kukaza magoti, kukunja kiuno. Ndiyo maana maelezo haya yanatumia maneno mengi kwenye namna ya kusimama kuliko kwenye mbao na skrubu.

Kuutengeneza

Ubao wenyewe uwe wa plaiwudi ya milimita 18, urefu sm 80 na upana sm 40. Aliyezidi urefu wa sm 175 afanye sm 90. Karatasi nzima ya futi 8 kwa 4 inatoa mbao tisa za sm 80, kwa hiyo usinunue nzima. Nenda kwa mafundi wa samani, Keko kwa mfano, uombe kipande kilichobaki. Angalia mambo mawili. Kwanza ukingo: ukiona mapengo kati ya matabaka, kiache, kwa sababu hapo ndipo kitakapopasuka siku utakayotua kwa nguvu. Pili, mistari ya mbao ya tabaka la juu ifuate urefu wa sm 80. Ikikatiza upana, ubao utapinda katikati kila ukisimama. Plaiwudi nyeusi ya kumwagia zege ni imara, lakini uso wake unateleza, na hapa utelezi ni hatari.

Mwambie seremala aviringishe pembe zote nne na apige msasa namba 80, kisha 120, hasa kingo, maana hizo ndizo zitakazogonga ugoko wako.

Chini ya ubao, kila mwisho, funga kizuizi: kipande cha mbao ngumu chenye urefu wa sm 40, upana sm 4 na kimo sm 2, kikianzia sm 3 kutoka ukingoni. Paka gundi ya mbao, kisha piga skrubu tano za inchi moja na robo kutoka chini kwenda juu. Skrubu ndefu zaidi zitatoboa hadi upande wa miguu. Usiviache vizuizi hivi kwa kudhani unajiweza. Bila hivyo rola hutoka kabisa chini ya ubao, na ubao hudondoka ukiwa na uzito wako wote juu yake.

Rola ni kipande cha bomba la PVC la milimita 110, urefu sm 42. Chagua bomba nene la maji ya shinikizo. Lile jembamba la maji machafu hubonyea, na likishabonyea haliviringiki sawasawa tena. Lijaze mchanga mkavu, lita tatu na kidogo, kilo 5 hivi, ukishindilia kila unapoongeza. Mchanga usiojaa huhama ndani na kuivuta rola upande mmoja. Tumia mchanga wa ujenzi uliokauka juani. Wa ufukweni una chumvi, hunyonya unyevu na kulisha skrubu kutu. Ziba ncha zote mbili kwa visahani vya plaiwudi, kila kimoja kwa skrubu nne, vichwa vyake vikizamishwa ili visichore sakafu. Mwisho kabisa sugua bomba lote kwa msasa namba 80, kwa kuwa PVC mpya ni laini mno na huteleza badala ya kuviringika.

Vanishi ipakwe juu tu, mara mbili. Vanishi ya mara ya pili ikiwa bado mbichi, nyunyiza mchanga laini uliochekechwa mahali pa kukanyaga. Upande wa chini uache mkavu ili uishike rola.

Kifaa cha pili ni rahisi zaidi, nacho hakikosekani: tyubu ya tairi la toroli, iliyojazwa upepo nusu. Rola inakuyumbisha kutoka mguu wa mbele kwenda wa nyuma, yaani pua na mkia wa ubao wa mawimbi. Baharini, kuegemea mbele kunaongeza mwendo, kuegemea nyuma kunapunguza na kuruhusu kugeuka. Lakini kona yenyewe inapigwa kwa vidole na visigino, na hilo rola haliwezi kukufundisha. Ubao ukikaa juu ya tyubu huyumba pande zote. Geuza mdomo wa tyubu utazame pembeni usije ukakandamizwa.

Mahali pa kufanyia

Vigae vitupu havifai, rola huchomoka. Mkeka wa ukindu na kapeti la plastiki navyo huteleza juu ya vigae. Godoro ni laini, rola inazama na haisogei. Kinachofaa ni zulia zito au mkeka mnene wa mpira, wenye urefu wa mita 2 angalau kufuata upande unakoviringika. Kwenye ghorofa, mkeka huo ndio utakaokupatanisha na jirani wa chini.

Simama karibu na dirisha lenye nondo, lililo usawa wa kifua chako, mkono ukizifikia bila kuinama. Ondoa meza ya kioo, stuli na jiko mita moja na nusu kila upande. Fanya pekupeku, si kwa soksi. Miezi ya joto, fanya alfajiri. Jasho likitiririka hadi nyayoni, ubao wote unakuwa kama sabuni.

Kupanda na kushuka

Wengi huanguka katika sekunde mbili za mwanzo au mbili za mwisho, si katikati. Sababu ni moja: uzito umehamia mguu usiostahili. Chukulia unasimama kwa mguu wa kushoto mbele. Kama hujui wako ni upi, kumbuka unavyosimama kwenye daladala iliyojaa usipopata pa kushika. Mguu unaoutanguliza upande gari linakoelekea ndio wako wa mbele.

1. Weka rola katikati, ikikingama na ubao. Mwisho mmoja uguse sakafu.
2. Shika nondo. Weka mguu wa nyuma kwenye mwisho uliogusa sakafu na uupe uzito wote.
3. Weka mguu wa mbele kwenye mwisho ulioinuka, bila kuukandamiza. Nyayo ziwe sm 12 hivi kutoka kila ukingo.
4. Kunja magoti, tazama ukutani, halafu hamisha uzito mbele polepole mpaka ubao unyanyuke sakafuni.
5. Kushuka ni kinyume chake: rudisha uzito nyuma, mwisho wa nyuma uguse sakafu, toa mguu wa mbele kwanza, kisha wa nyuma.

Ukitoa mguu wa nyuma kwanza, uzito wote unaangukia upande wa juu, ubao unapinduka ghafla na rola inachomoka. Ukihisi unaanguka, kanyaga chini kwa mguu ulio karibu na sakafu. Usinyooshe mkono kuidaka sakafu. Kifundo cha mkono ndicho huvunjika.

Kusimama kwenyewe

Mtazame konda mzoefu aliyesimama mlangoni barabara ikiwa na mashimo. Amesimama kiupande, magoti yamelegea, kiwiliwili kimetulia huku miguu ikimeza misukosuko yote, na macho yako barabarani. Mwili wako juu ya ubao unatakiwa kuwa hivyo.

Mguu wa nyuma ukae kukingama na ubao, kabisa. Wa mbele ugeuke kidogo kuelekea mbele, kati ya nyuzi 30 na 45. Goti la nyuma liingie ndani kidogo kufuata la mbele. Magoti yakitanuka kama ya mpanda farasi, kiuno hufungwa na huwezi kugeuka. Ukitaka kushuka chini, shusha makalio kwa kukunja magoti, kifua kikibaki wima. Kosa linaloonekana kuliko yote ni mtu kukunja kiuno, makalio nje, miguu imenyooka. Nyumbani utavumilia hivyo, lakini majini kichwa kitatangulia mbele ya ubao. Mkono wa mbele uelekee unakokwenda, wa nyuma usivuke mgongo.

Halafu macho. Bandika kipande cha karatasi ukutani usawa wa uso, kitazame. Ukitazama vidole, kichwa kinashuka, mabega yanafuata, na hujui umeanguka mpaka umeanguka.

Usikimbilie kusimama tuli. Watu hujisifu kwa kukaa dakika tano bila kutikisika, lakini wimbi haliko tuli, na kuteleza kwa kawaida kunahesabika kwa sekunde. Kinachotakiwa ni kuupeleka ubao unakotaka na kuurudisha, kwa mwendo uliouchagua wewe. Kwa hiyo fanya mizunguko mifupi: sekunde 20 juu, sekunde 40 pumzika, mara 6. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha, siku nne au tano kwa wiki. Kifundo cha mguu kikianza kutetemeka, acha. Uchovu ndio unaofundisha mwili makosa.

Wiki ya kwanza usiguse rola. Weka ubao juu ya tyubu, shika nondo kwa vidole viwili, ukandamize vidole vya miguu taratibu kwa hesabu ya tatu, rudi katikati, kisha visigino kwa hesabu ya tatu. Mara 10 kila upande. Wiki ya pili panda rola na upeleke ubao mbele na nyuma bila ncha kugusa sakafu, safari 10 za polepole. Kila ncha inapogonga, ulihamisha kiuno badala ya kukandamiza kwa mguu. Ukiweza safari 10 bila kugonga na bila kushika, ongeza kushuka chini mpaka mapaja yakaribie usawa wa magoti, kisha kupanda, ubao ukiwa umetulia.

Wiki ya tatu ongeza kugeuka, na hapa nenda kwa mpangilio: macho kwanza, kisha kichwa, kisha bega la mbele, kiuno mwisho. Tazama mlango, hesabu mbili, rudi kwenye karatasi. Utahisi ubao ukitaka kukimbia mara kichwa kinapogeuka. Ndicho hicho unachojifunza kukidhibiti. Weka simu usawa wa kiuno ujipige video kutoka pembeni. Usichokihisi, utakiona.

Kuinuka, yaani kutoka kulala kifudifudi hadi kusimama juu ya ubao, hufanywa sakafuni, si juu ya rola. Chora mstari wa chaki wa mita moja na nusu. Lala kifudifudi juu yake, viganja kando ya mbavu za chini, sukuma, vuta magoti na utue kwa miguu yote miwili kwa mpigo, nyayo zikikanyaga mstari. Ukipitia kupiga goti kwanza, utapiga goti na baharini, na wimbi halikusubiri. Mara 5, pumzika, mara 5 tena. 

Kwa zoezi la kupiga maji kwa mikono, tumia ile mipira ya tyubu ya kufungia mizigo kwenye bodaboda. Funga miwili kwenye nondo, lala kifua juu ya mto, kichwa kimeinuka, uvute kwa zamu kuanzia mbele ya uso hadi kando ya nyonga. Dakika moja, mara 4. Zoezi hili linachosha kuliko ubao, na pengine ndilo litakalokufaa zaidi siku ya kwanza majini, kwani asiyefika kwenye wimbi hasimami juu yake.

Lini kubadili rola

Rola ya milimita 110 inainamisha ubao wa sm 80 kwa karibu nyuzi 14, na mwisho ulioinuka hukaa sm 20 kutoka sakafuni. Ya milimita 160 inafika karibu nyuzi 22 na sm 30. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini miguuni ni kubwa, na anguko lake ni refu. Hamia huko baada ya kufanya safari 20 bila kugonga, kushuka na kupanda mara 10, na kugeuza kichwa pande zote mbili, vyote katika siku moja bila kugusa nondo. Siku ya kwanza na rola kubwa, rudi kushika dirisha kana kwamba unaanza upya.

Kila wiki kagua skrubu za vizuizi na uisikilize rola ukiitikisa. Ukisikia mchanga unatembea ndani, fungua kisahani kimoja uongeze.