SOMO: Trela ya mtumba kwa mpango wa mpangaji mnunuzi. Soma kabla hujatoa arabuni

Kila wiki napigiwa simu ileile. "Kaka, nimeona trela Facebook, wanasema unalipa kidogo kidogo mpaka inakuwa yako, hawaulizi historia ya mkopo, nichukue?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimeandika mara moja, na ukinipigia tena nitakutumia hii. Trela ninayosema ni nyumba ya kuishi iliyojengwa kiwandani na kukokotwa kwa magurudumu, na paki ni eneo la nyumba hizo, ambako unakodi kiwanja. Naandika nikiwa Iowa. Jimbo lako linaweza kutofautiana kwenye ofisi na fomu, lakini mitego ni ileile Marekani nzima.

Msimamo wangu kwanza: mpango huu wenyewe si utapeli. Kwa mtu aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi, benki haimtazami, watoto wanne, kodi ya ghorofa inammaliza, ni mlango. Ila mpaka hati iandikwe jina lako, wewe ni mpangaji unayebeba gharama za mwenye nyumba. Hita ya maji ikifa ni yako, paa likivuja ni lako, lakini ukichelewa kulipa unatolewa kama mpangaji mwingine yeyote. Zingatia hilo unaposoma.

1. Jua unachonunua. Nyumba, si kiwanja. Kodi ya kiwanja utalipa paki hata ukishamaliza nyumba.

2. Angalia umri. Tarehe ya kukariri ni 15 Juni 1976, siku kanuni ya taifa ya ujenzi wa nyumba hizi, ya HUD (wizara ya nyumba ya Marekani), ilipoanza kutumika. Iliyojengwa baada ya hapo ina kibati chekundu nje, kimepigiliwa upande wa nyuma wa kila kipande. Trela ya pande mbili ina vibati viwili. Ndani kuna karatasi imebandikwa: kabati la jikoni, karibu na sanduku la umeme, au kabati la nguo. Ina mwaka, namba, na ramani za upepo na theluji. Ya kabla ya 1976 mimi nahesabu kama haipo. Paki nyingi haziipokei, wakopeshaji wanaikimbia, na siku ukitaka kuiuza utabaki nayo.

3. Hati ya umiliki. Hapa ndipo nilipoungua mwenyewe, kwa hiyo nitasema kirefu. Trela iliyo kwenye paki kwa kawaida ina hati kama ya gari. Aliyenipangishia alikuwa na funguo, alikuwa na mkataba mzuri umepigwa mhuri, na alikuwa na maneno matamu. Hati haikuwa na jina lake. Yeye mwenyewe alikuwa ananunua kwa mtu mwingine kwa mpango uleule, na alikuwa na madeni. Mkataba wetu ulikuwa halali kabisa, wa kuniuzia kitu ambacho si chake.

Sasa fuata hivi, na usiruke:

Omba nakala ya hati, mbele na nyuma. Jina lililo pale lazima liwe la anayesaini mkataba, na kitambulisho akuoneshe. Akisema "ipo kwa mama", "ipo benki", "nitakutafutia wikiendi", arabuni ibaki mfukoni.

Usiishie kwenye nakala yake, maana nakala inaweza kuwa ya miaka kumi iliyopita. Nenda ofisi inayotunza hati. Iowa ni kwa mhazini wa kaunti. Texas ni idara ya nyumba ya jimbo, TDHCA, na karatasi yenyewe wanaiita taarifa ya umiliki. California ni HCD, nayo idara ya nyumba ya jimbo. Kwingine mara nyingi ni ofisi ya magari. Uliza mambo mawili: kuna deni lililosajiliwa juu ya hati? Kuna kodi ya mali isiyolipwa? Kama mwenye nyumba anadaiwa na mkopeshaji na akaacha kulipa, mkopeshaji anachukua nyumba, na risiti zako hazitamzuia.

Kisha linganisha namba. Namba ya hati, namba ya ile karatasi ya ndani, na namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu upande wa mbele, kule mkono wa kukokotea ulikofungwa. Utalala chini na tochi, utachafuka. Namba zisipolingana, ondoka.

4. Ofisi ya paki kabla ya arabuni. Paki inaweza kukukataa wewe hata kama mwenye nyumba amekukubali. Jaza fomu yao kwanza, pata jibu kwa maandishi. Uliza kodi ya kiwanja imekuwa ngapi miaka mitatu iliyopita, halafu muulize jirani swali hilohilo. Mwaka 2019 kule North Liberty, hapa Iowa, paki ilinunuliwa na kampuni ya jimbo lingine, wakazi wakapewa taarifa ya kodi kupanda kwa zaidi ya nusu. Wengi walikuwa wamemaliza kulipia nyumba zao kitambo.

5. Nyumba yenyewe. Vua viatu, tembea na soksi. Sakafu nyingi za trela za zamani ni ubao wa chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ubao huo ukinyonya maji unavimba, kisha unakuwa kama mkate uliolowa. Kanyaga kwa kisigino kando ya bafu, mbele ya choo, chini ya madirisha na pale hita ya maji ilipo. Zulia jipya chumba kimoja tu? Linyanyue. Fungua chini ya sinki: mabomba ya plastiki ya kijivu yenye maandishi PB ni polibutilini, yalifungwa sana kuanzia mwisho wa miaka ya 70 hadi 1995, na yana sifa mbaya ya kupasuka kwenye viungo. Nje, ondoa paneli moja ya sketi (ukuta mwepesi unaoziba chini ya nyumba) uchungulie: ile ngozi nyeusi inayofunika tumbo la nyumba ikining'inia kama mfuko uliojaa maji, basi ni mfuko uliojaa maji.

6. Mkataba. Kuna unaokupa haki ya kununua na kuna unaokulazimisha kununua. Jua wako ni upi. Iandikwe bei ya mwisho, kiasi gani cha malipo ya kila mwezi kinakatwa kwenye bei, na kama kuchelewa siku moja kunafuta makato. Iandikwe nani anatengeneza nini. Hati iliyosainiwa ikae kwa wakili au mtu wa tatu mpaka umalize, ili muuzaji akifa au akihama usianze kutafuta warithi. Hapa kwetu mikataba ya hivi ni Kiingereza kitupu: usimtumie mtoto wa darasa la sita kuwa mkalimani.

7. Hesabu. Mfano, kwa dola: bei 24,000. Arabuni 2,500, kisha 420 kwa mwezi, miezi 60. Jumla 27,700. Kodi ya kiwanja 450 kwa miezi hiyo ni 27,000 nyingine. Sasa tembea paki hiyohiyo uulize trela kama ile kwa taslimu. Ukikuta 15,000, umejua uvumilivu wa muuzaji unakugharimu 12,700. Hapo mimi ningerudi kwenye upatu wetu kabla ya kusaini.

8. Bima. Ya mpangaji inalinda vyombo vyako, si nyumba. Uliza nyumba inalindwa na nani na pesa zikilipwa zinakwenda kwa nani.

MASWALI

mtoto_wa_Kigoma: Mkuu trela ni bei gani?

Mleta mada: Hatua ya 7.

mtoto_wa_Kigoma: Nimeona, ila kwa wastani?

Mleta mada: Hakuna wastani. Nenda paki unayoitaka ukaulize.

mama_wawili: Kaka shikamoo. Mimi nimeshatoa 2,000 mkononi, hakuna risiti, na hati sijaiona. Nifanyeje?

Mleta mada: Marahaba dada. Leo hii mtumie ujumbe wa simu, wa kawaida bila ugomvi: "Nathibitisha nilikupa dola 2,000 tarehe fulani kwa ajili ya nyumba namba fulani, naomba nakala ya hati." Akijibu "sawa", umepata risiti. Usimpe hata senti nyingine mpaka hati ionekane. Kisha piga msaada wa kisheria wa jimbo lako, hawatozi wenye kipato kidogo, na una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili.

BossNairobi: Unaogopesha watu bure. Mimi nimelipa miaka minne na sijaona shida yoyote.

Mleta mada: Hongera. Hati ina jina lako?

BossNairobi: Si mpaka nimalize.

Mleta mada: Basi kesho nenda kwa mhazini wa kaunti uulize ina jina la nani.

binti_Pwani: Asalaam aleikum. Sisi tunaupenda mpango huu kwa sababu hauna riba. Ni kweli?

Mleta mada: Waaleikum salaam. Hukumu muulize sheikh, na mpelekee mkataba wenyewe, usimsimulie. Ninachoweza kukuonesha ni pa kutazama. Ipo mikataba yenye bei moja iliyogawanywa, na ipo iliyoandika asilimia ndani, ukurasa wa tatu au wa nne, pamoja na faini ya kuchelewa inayokua kila siku. Hiyo ya pili ni mkopo uliovaa nguo za kodi. Angalia pia kama bei inabadilika ukimaliza mapema.

uvira_iowa: Ndugu, asante sana. Mimi nataka kununua, kisha nihamishe niweke kwenye shamba langu. Inawezekana? Na kibati chekundu kimeng'olewa.

Mleta mada: Swali zuri, karibu. Inawezekana, ila anza na shamba. Uliza kaunti kama eneo hilo linaruhusu trela, na tanki la maji machafu na umeme ni kiasi gani. Mara nyingi hivyo vinazidi bei ya trela. Kuhamisha kunafanywa na wasafirishaji wenye leseni na kibali, ni maelfu ya dola, na ya pande mbili inatenganishwa katikati na kuunganishwa upya. Marekani imegawanywa kanda za nguvu ya upepo, I ndio mdogo: iliyotengenezwa kwa ukanda wa I hairuhusiwi kufungwa ukanda wa II au III, kwa hiyo ya Iowa usifikirie kuipeleka pwani ya Florida. Kibati hakitengenezwi upya, lakini taasisi ya IBTS hutoa barua ya uthibitisho ukiwapa namba ya fremu. Ukija kuifunga kwenye msingi wa kudumu, unaweza kubadilisha hati iwe mali moja na ardhi, na mikopo ya kawaida ya nyumba inaanza kukufungukia.

uvira_iowa: Na upepo? Watu wa Cedar Rapids wananitisha na ule wa 2020.

Mleta mada: Wako sahihi. Agosti 10, 2020, dhoruba ile ilipiga mji mzima. Kagua nyaya za chuma zinazofunga nyumba na ardhi, zisiwe zimelegea wala kuliwa na kutu. Hata zikiwa nzima, tahadhari ya kimbunga ikitoka usikae ndani ya trela. Ulizia paki kama ina handaki la kujihifadhi na funguo anakaa nazo nani usiku.

mama_wawili: Kaka, amejibu "sawa". Ninayo picha yake.

Mleta mada: Safi. Jitumie kwa barua pepe, simu inaweza kupotea.

shemeji_Boise: Nyongeza ya baridi: waya wa kupasha bomba ukaguliwe kila Oktoba. Ukiwa umepasuka badilisha, na usiuzungushe ukajipanda wenyewe kwa wenyewe, unaunguza nyumba.

Mleta mada: Kweli kabisa. Na chomeka penye soketi inayokata umeme yenyewe. Wa kwako unachomeka wapi, chini ya sketi au ndani?

shemeji_Boise: Chini, karibu na bomba kuu. Nimeweka taa ndogo sebuleni kwenye laini hiyohiyo, ikizimika najua soketi imekata.