Kuingiza miamala ya hisa kwenye programu kwa faili la CSV: shughulikia tarehe kwanza

Wengi wanaoniomba msaada wa kuingiza miamala yao ya hisa kwenye kompyuta hudhani ugumu uko kwenye programu. Hauko huko. Programu humaliza sehemu yake kwa dakika chache tu. Kazi iko kwenye jedwali la CSV, yaani faili la maandishi ambalo safu zake zinatenganishwa kwa mkato, na ndani ya jedwali iko kwenye safu ya tarehe. Juzi nilimsaidia mama mmoja wa Kisauni ambaye amekuwa akinunua hisa kidogo kidogo tangu Safaricom ilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, na karatasi zake zote amezihifadhi. Programu ilikuwa inamwonyesha kwamba aliuza hisa za KCB kabla hajazinunua. Akaanza kumshuku dalali. Dalali hakuwa na kosa, wala mama hakuwa na kosa. Tarehe ndizo zilizogeuka.

Hatua ya 1: Programu

Mimi natumia Portfolio Performance. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na faili lako linabaki kwenye kompyuta yako. Huduma za mtandaoni zinazokuomba nywila ya akaunti yako ya dalali ili zikusomee miamala, achana nazo kabisa. Kwa jedwali tumia LibreOffice Calc, ambayo pia ni ya bure. Sababu utaiona kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Karatasi

Taarifa ya akaunti yako ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa zako, inaonyesha hisa zilivyoingia na kutoka, lakini haikwambii ulilipa shilingi ngapi. Bei, kamisheni na tozo ziko kwenye hati ambayo dalali hukutumia kila unaponunua au kuuza. Magawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, hayamo humo kote. Yatafute kwenye taarifa ya benki au kwenye ujumbe wa M-Pesa, kutegemea uliomba ulipwe wapi.

Kama umetumiwa PDF, programu ya Tabula itakutolea jedwali bila kuhitaji intaneti, mradi PDF yenyewe isiwe picha ya karatasi iliyoskaniwa. Usiipeleke kwenye tovuti za kugeuza PDF. Ina jina lako, namba yako ya CDS, na mara nyingi namba ya kitambulisho.

Hatua ya 3: Tarehe

Hapa nitakaa sana, na wewe ukae.

Sisi tunaandika siku, mwezi, mwaka. Kompyuta nyingi zinauzwa zikiwa zimewekwa mtindo wa Marekani: mwezi, siku, mwaka. Ukibofya faili la CSV mara mbili likafunguka kwenye Excel, tarehe zinasomwa kwa mtindo wa kompyuta kabla hujagusa chochote. Tarehe 03/04/2023, ambayo ni tarehe 3 Aprili, inakuwa 4 Machi. Hakuna onyo linalotokea. Lakini 25/04/2023 haiwezi kugeuzwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo inaachwa ilivyo kama maandishi. Matokeo yake safu moja ina tarehe za sampuli mbili: zile za kuanzia siku ya 13 ni sahihi lakini ni maandishi, na zile za siku ya 1 hadi 12 ni tarehe kweli, ila zimekosewa. Ukitazama vizuri utaziona: maandishi yanaegemea kushoto mwa kisanduku, tarehe zinaegemea kulia. Ukiona safu imechanganyika hivyo, funga faili bila kuhifadhi. Narudia, bila kuhifadhi, kwa sababu ukihifadhi zile zilizogeuka zinaandikwa hivyo hivyo na huna tena pa kuziangalia isipokuwa kwenye karatasi.

Kuna watu wanajaribu kurekebisha kwa kubadilisha mwonekano wa kisanduku. Haisaidii. Mwonekano unabadilisha sura tu. Tarehe ndani ni namba. Kwa kompyuta, 15 Machi 2023 ni 45000. Ikishasomwa vibaya, namba yenyewe ndiyo mbaya.

Njia sahihi ni kuiambia programu mapema. Kwenye LibreOffice Calc, ukifungua CSV linakuja dirisha la kuingiza maandishi. Bofya kichwa cha safu ya tarehe, kisha kwenye aina ya safu chagua tarehe ya DMY, yaani siku, mwezi, mwaka. Basi. Kwa ajili ya dirisha hilo tu ndiyo napendekeza Calc: inakuuliza kwanza. Ukilazimika kutumia Excel, usibofye faili; nenda kwenye kichupo cha data, chagua kuingiza kutoka CSV, ingia sehemu ya kugeuza data, kisha badilisha aina ya safu kwa kutumia mtindo wa nchi na uchague Kenya.

Kama tarehe zako zote zimeingia kama maandishi ya mtindo wa 03/04/2023, fomula hii inazinyoosha:

=DATE(RIGHT(A2;4);MID(A2;4;2);LEFT(A2;2))

Kwenye kompyuta nyingine nukta-mkato zinatakiwa kuwa mkato. Fomula hii inataka siku na mwezi ziwe na tarakimu mbili mbili, 3/4/2023 itaiharibu.

Sasa pima. Soko la hisa la Nairobi halifunguliwi Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo hakuna ununuzi wala uuzaji unaoweza kuwa na tarehe ya siku hizo. Kwenye safu tupu andika =WEEKDAY(A2;2) uivute hadi chini. Ukiona 6 (Jumamosi) au 7 (Jumapili) mahali popote, tarehe imegeuka. Ile 3 Aprili 2023 ilikuwa Jumatatu. Ikigeuzwa kuwa 4 Machi inaangukia Jumamosi, na unaikamata. Ila kipimo hiki hakikamati zote. 7 Juni 2023 ilikuwa Jumatano, na ikigeuzwa inakuwa 6 Julai, Alhamisi, inapita. Kwa hiyo ongeza kipimo cha pili: taarifa huwa imepangwa kwa mfuatano, basi hakikisha kila tarehe si ndogo kuliko ya juu yake. Kwa yule mama, kipimo hiki cha pili ndicho kilichotoa mistari ya KCB.

Ukimaliza, weka tarehe zote kwa mtindo wa 2023-04-03. Huo hausomeki kwa njia mbili.

Jambo moja zaidi: kwenye hati ya dalali kuna tarehe ya biashara na tarehe ya malipo, ambayo huja siku 3 za kazi baadaye. Tumia ya biashara.

Hatua ya 4: Safu nyingine

Mfano, kwa tarakimu za kubuni:

Date,Type,Security Name,Ticker Symbol,Shares,Value,Fees
2023-04-03,Buy,Safaricom,SCOM,1000,18360.00,360.00

Value ni jumla uliyolipa, tozo zikiwemo. Ukiuza, ni kilichobaki baada ya makato. Ondoa mikato ya maelfu, la sivyo 18,360 itakatika kuwa safu mbili.

Magawio yaweke kwenye faili la peke yake, maana yanaingizwa kama miamala ya pesa. Mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Hisa 1000 kwa gawio la senti 55 ni shilingi 550. Kodi ni 27.50, na kilichokufikia ni 522.50. Andika vyote viwili.

Hisa za bonasi na mgawanyo wa hisa viingize kwa mkono. Kama ulikuwa na hisa za Equity kabla ya 2009, kila moja iligawanywa kuwa 10, na programu haitajua usipoiambia.

Hatua ya 5: Ingiza

Kwenye Portfolio Performance: menyu ya faili, kuingiza, CSV. Chagua aina ya data, bofya mara mbili kichwa cha safu isiyotambuliwa uipe jina lake, endelea.

Hatua ya 6: Linganisha

Idadi ya hisa kwa kila kampuni ilingane na taarifa ya CDS, hisa kwa hisa. Hapa Mombasa wengi walikuwa na hisa za Bamburi, kampuni ya saruji. Kama uliikubali ofa ya Amsons, kampuni ya Tanzania iliyoinunua Bamburi, ya shilingi 65 kwa hisa mwaka 2024, huo ni uuzaji, uandike, la sivyo programu itaendelea kukuhesabia hisa ambazo huna tena. Faili la asili kutoka kwa dalali liache kwenye folda yake bila kuguswa, na mwezi ujao andaa faili lenye mistari mipya peke yake.