Kumtenganisha mtu na somo yake (mwenye jina kama lake) katika madaftari ya Kentucky ya zamani

Anayetafuta nasaba katika madaftari ya Kentucky, Marekani, ya kati ya mwaka 1780 na 1820 hukuta jina moja likibebwa na babu na mjukuu, au na mtu na baba yake mdogo, kwa hiyo jina peke yake halimtambulishi mtu. Kinachomtambulisha ni ardhi yake, mke wake na majirani zake.

Tuchukue ukoo wa Rais Abraham Lincoln. Babu yake, Kapteni Abraham Lincoln, alihama kutoka Virginia na akauawa Kentucky mwaka 1786. Mwanawe Thomas ndiye baba wa rais; lakini Kapteni alikuwa pia na mdogo wake aitwaye Thomas, aliyekaa Kaunti ya Fayette.

Hatua ya kwanza ni kujua mahali unapopatafuta palikuwa kaunti gani mwaka ule. Kentucky iligawanywa kuwa kaunti tatu mwaka 1780, ikawa jimbo tarehe 1 Juni 1792, na kaunti zake ziliendelea kumegwa. Rais alizaliwa Kaunti ya Hardin mwaka 1809, na leo mahali hapo ni Kaunti ya LaRue, iliyoundwa mwaka 1843. Hati ya ndoa ya wazazi wake ilitafutwa Hardin walikoishi, ikakosekana, na uvumi ukaenea kwamba hawakuoana. Kumbe walioana Kaunti ya Washington tarehe 12 Juni 1806, na kumbukumbu zilikuwa huko.

Hatua ya pili ni kuiandika kila hati peke yake, pamoja na tarehe, kijito, mashahidi, jina la mke, na kama mwenyewe alitia sahihi au aliweka alama ya X. Usiunganishe chochote bado.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito: fuata ardhi. Mipaka ilielezwa kwa miti na vijito, kwa mfano kuanzia mwaloni mweupe wenye alama ukingoni mwa kijito hadi kwenye kona ya jirani aliyetajwa kwa jina, na waliobeba mnyororo wa mpima ardhi mara nyingi walikuwa jamaa au majirani. Shamba likiuzwa, tazama mke aliyeachilia haki yake ya theluthi ya ujane, yaani sehemu ya ardhi ya mume ambayo mjane alistahili kuitumia, kwa sababu wanaume wawili wa jina moja ni nadra kuwa na kijito kimoja, majirani walewale na mke wa jina lilelile.

Jihadhari na Sr. (Senior) na Jr. (Junior) baada ya jina. Wakati ule zilimaanisha tu mkubwa na mdogo wa eneo hilo, hata kama hawakuwa na undugu, na mkubwa akifa mdogo aliweza kuanza kuandikwa Sr.

Hatua ya mwisho ni kuusoma urithi kwa sheria ya wakati wake. Kapteni alikufa bila wosia, Kentucky ikiwa bado sehemu ya Virginia, wakati sheria ya Virginia ilipompa ardhi mwana wa kwanza, naye alikuwa Mordecai. Thomas kukosa ardhi hiyo hakumwondoi katika wana wa Kapteni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sensa za Kentucky za 1790 na 1800 zimepotea. Nitumie nini?*

Tumia orodha za walipa kodi, na uzisome mwaka baada ya mwaka. Jina likiandikwa mara mbili, linganisha vijito, idadi ya farasi na tarehe ambayo mkadiriaji wa kodi alipita. Mmoja akitoweka na mwenzake akabaki na shamba lake lilelile, huenda walikuwa wawili. Kumbuka pia kwamba sensa za kabla ya 1850 hutaja jina la mkuu wa kaya tu.

*Miti mingi ya ukoo mtandaoni inampa babu wa mume wangu baba mmoja. Je, wingi huo si ushahidi?*

Hapana, dada yangu. Miti ishirini iliyonakiliwa kutoka mti mmoja ni mti mmoja. Uliza kila mmoja unategemea hati gani. Usipoonyeshwa hati, mweke baba huyo pembeni kama dhana.

*Jina likiandikwa tofauti, nimhesabu kuwa mtu mwingine?*

Usiharakishe. Kibali cha ardhi cha Kapteni kiliandikwa "Linkhorn", kwa kuwa karani aliandika alivyosikia. Tafuta kwa sauti ya jina, kisha ulinganishe kijito na majirani kabla hujawatenganisha.