Namna ya Kutumia Viini vya Mayai ya Kuchemsha Vilivyobaki

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, viini vya mayai ya kuchemsha hubaki sahani kwa sababu anayefanya mazoezi ya jimu amekula sehemu nyeupe peke yake, au kwa sababu watoto wamevikataa kwa ukavu wake. Kuvitupa ni hasara, kwani kiini kimoja, ambacho kwa wastani kina uzito wa gramu 17 hivi, ndicho chenye karibu mafuta yote ya yai, vitamini A na D, na sehemu kubwa ya madini ya chuma.

Kabla ya kuvipikia chochote, ni vizuri kufahamu kwamba kiini kilichokwisha kuiva hakiwezi tena kufanya kazi ya kiini kibichi. Kiini kibichi hushikanisha chakula kwa sababu protini zake huganda kinapopata moto, lakini cha kuchemsha kimekwisha kuganda, na anayekitia kwenye kababu akitegemea zishikane ataziona zikimomonyoka kwenye karai. Kilichobaki nacho ni uzito, mafuta na ulaini, navyo ndivyo vinavyohitajika kwenye mchuzi, sosi na biskuti.

Kwa joto la jiji hili, viini visikae mezani zaidi ya saa moja. Viwekwe kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya friji, na vitumike ndani ya siku tatu au nne. Utando wa kijani unaoonekana juu ya baadhi yake hauna madhara. Hutokea yai linapochemshwa kupita kiasi, madini ya chuma ya kiini yakakutana na salfa inayotoka kwenye sehemu nyeupe.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni mchuzi wa nazi. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na nyanya mpaka mafuta yajitenge, tia manjano na chumvi, kisha mimina tui jepesi na uchemshie humo viazi, au samaki kama changu aliyekwisha kukaangwa. Wakati mchuzi unachemka, ponda viini vitatu au vinne kwa mgongo wa kijiko, ukiongeza tui zito kidogo kidogo mpaka upate rojo laini la rangi ya manjano, halafu lipitishe kwenye chujio, kwa sababu hata chembe ndogo za kiini huonekana kwenye mchuzi na kuusumbua ulimi. Punguza moto, mimina rojo hilo pamoja na tui zito lililobaki, na uendelee kuuteka mchuzi kwa upawa na kuumimina tena humo humo ili tui lisikatike. Epua mara unapoanza kutokota. Mchuzi utakuwa mzito bila kuongezwa unga, na utashika vizuri kwenye wali.

Sosi ya kulia chipsi au mihogo ya kukaanga nayo hutengenezwa vyema kwa viini hivi, na ni salama kuliko mayonezi ya nyumbani inayotumia mayai mabichi. Wafaransa wana sosi yao iitwayo gribiche inayoanzia hapo hapo. Ponda viini viwili pamoja na kijiko cha chai cha haradali, maji ya ndimu na chumvi, kisha ongeza mafuta ya alizeti tone kwa tone huku ukikoroga bila kuacha, mpaka yafike karibu nusu kikombe. Ukiharakisha mafuta, sosi itajitenga. Ikijitenga, ponda kiini kingine pembeni na uirudishie humo polepole.

Viini vinaweza pia kupondwa pamoja na viazi vya kachori, visizidi vinne kwa kilo moja ya viazi, maana vikizidi madonge hupasuka kabla ya kuchovywa kwenye unga wa dengu. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kupondewa kiini kwenye uji, akianza na kiasi kidogo ili ionekane kama mayai hayamdhuru.

Kwa biskuti, chekecha viini vitatu, changanya na gramu 120 za siagi, gramu 60 za sukari ya unga, gramu 200 za unga wa ngano na iliki iliyotwangwa. Kwa kuwa kiini kilichoiva hakiongezi majimaji mengi, unga haukazi na biskuti huyeyuka mdomoni. Lipumzishe donge kwenye friji kwa saa moja, kata, kisha oka kwa nyuzi 170 kwa dakika 15 hadi 20. Asiye na oveni apalie makaa, machache chini na mengi kidogo juu ya mfuniko. Zikitoka zitakuwa laini mno, hivyo zisiguswe mpaka zipoe kabisa kwenye trei.