Mwamba mgumu unakunjwaje? Somo la mikunjo, tunaanza na mshumaa

Haya wakuu, leo ni matabaka ya mwamba na jinsi yanavyokunjwa, hesabu hakuna msiogope.

Hatua ya 1. Tafuta mishumaa miwili, mmoja tia kwenye friji mwingine uache dirishani juani, baadae ipinde. Wa friji unakatika paa! Wa juani unakubali polepole, ila ukiupapatikia nao unakatika. Mwamba ni hivyo hivyo, huku juu ni wa baridi unavunjika, ukishuka kilomita 10 mpaka 15 joto linafika kama nyuzi 300 na hata mwamba wenye kwazi nyingi (yale madini magumu yanayojaa kwenye mchanga) unaanza kulegea, sasa ukisukumwa kidogo kidogo mamilioni ya miaka unapinda. Na haujayeyuka, hapo ndo wengi wanakosea.

Hatua ya 2. Tandika mkeka, sukumeni wawili, huyu huku yule kule. Palipoinuka kama tuta ni antiklaini, palipozama ni sinklaini, ile kona yenyewe tuiite bawaba na pande zake mbavu.

Hatua ya 3. Kupima. Mwaga maji kidogo juu ya tabaka, yanakokimbilia ndo upande wa dipu, yaani mteremko wa tabaka lenyewe, pima linashuka nyuzi ngapi, na mstari unaokata hapo kwa nyuzi 90 ndo straiki. Mimi siku ya kwanza fildi nilipima mteremko wa kilima badala ya tabaka, daftari zima likawa la kufungia karanga.

Hatua ya 4. Dipu za mbavu mbili zikipeana mgongo ni antiklaini, zikitazamana sinklaini. Umbo la ardhi lisikudanganye, mmomonyoko unaweza kuila antiklaini mpaka pakabaki bonde, kwahiyo angalia umri: katikati ya antiklaini iliyolika unakuta tabaka kongwe, kwenye sinklaini changa. Labda mkunjo uwe umepinduka kabisa, hiyo siku nyingine.

MASWALI

Swali: Mkuu mi niko Mererani, mkanda wa mwamba wenye tanzanaiti ulikuwa unashuka vizuri tu ghafla haupo, umekunja au umekatika?
Jibu: Mulika pale ulipoishia. Ukikuta uso laini unang'aa kama umepigwa msasa, una mikwaruzo ya kuelekea upande mmoja na mwamba uliosagika, hiyo folti, yaani mwamba umekatika ukateleza, mkanda umehamishwa, fuata mstari wa mikwaruzo japo haikwambii umehama mita ngapi. Kama unanyembaa huku matabaka ya jirani yanageuka nao, uko kwenye mkunjo. Miamba ya hapo ni ya Ukanda wa Msumbiji (mkanda mrefu wa miamba ya kale Afrika Mashariki), ilikunjwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na tanzanaiti inapenda kukaa kwenye bawaba, pia pale tabaka lilipovutwa likakatika vipande vinono kama soseji. Kwahiyo unaponyembaa usikate tamaa haraka.

Swali: Kilimanjaro nayo antiklaini?
Jibu: Hapana dada, ile volkano, lava na majivu yamerundikana tu.

Swali: Basi Bonde la Ufa ndo sinklaini?
Jibu: Nilijua litakuja hilo 😂 hapana, kule ardhi inavutwa haisukumwi. Ukisimama Mto wa Mbu ule ukuta unaouona juu ya Ziwa Manyara ni folti, upande wa ziwa umeshuka. Rudi kwenye mkeka wako, uvuteni huku na huku muone kama utakunja au utachanika.